Parafujo ya Nane

Zsombor ameipenda amplifaya kwa uso:
chuma kilichopigwa msasa, sindano mbili, taa ya rangi ya maziwa,
kirungu cha sauti kizito kama kufuli la benki.
Namwambia, mwanangu, uso haufi.
Uso ndio wa mwisho kufa. Igeuze.

Tuko Pécs, ghorofa ya nne, mtaa wa waliochimba urani.
Lifti imelala tangu Jumatatu
na Bi Etelka ametandika magazeti mezani
kana kwamba tumekuja kuchinja kuku.

Kwanza naibeba. Basi. Naibeba na kuishusha.
Transfoma haidanganyi mgongo.
Kisha nanusa matundu ya juu:
vumbi lililoungua, samehe;
ukisikia shombo ya samaki, aga, shuka ngazi.
La kuvunda halina ubani.
Hii inanukia kabati, na sigara za mtu mmoja.

Matundu manane, parafujo saba.
La nane lina mikwaruzo pembeni:
ashaingia mtu humu.

Bi Etelka anasema ni ya themanini na tano,
risiti ililoweshwa na bomba la jirani.
Simbishii. Nawasha kurunzi,
nasoma ubavu wa kapasita kubwa, tarakimu nne:
sabini na nane, juma la thelathini na moja.
Watu hukipunguzia miaka wanachokiuza
kama wanavyojipunguzia wao, bila ubaya.

"Basi imezeeka," anasema Zsombor.
Kwa kalenda, ndiyo. Ila mashine haijui kalenda, inajua joto.
Nimeona ya miaka sita imekaangwa
chini ya televisheni, kabatini, bila pumzi.
Nimeona ya arobaini ingali mbichi,
mwenyewe alikuwa bahili wa sauti.
Na nimeona iliyofungwa nailoni isiguswe kamwe,
imekauka ndani kama limau lililosahauliwa dirishani.

Vichwa vya kapasita ni bapa, havijavimba.
Ubao chini ya vipinga umeiva kama ganda la mkate;
hapo nakunja uso kidogo.
Halafu solda.
Ee! Solda gani hii? Donge juu ya donge.
Fundi gani huyu, alikuwa anawahi treni?
Zsombor anacheka, nami nazidi kuunoa ulimi
mpaka kurunzi inafika upande wa ndani wa kifuniko
na pale, kwa penseli, herufi mbili, tisini na nne.

Herufi zangu.

Bi Etelka hajui kuusoma uso wangu, au anajua mno.
"Fundi yule," anasema, akimimina kahawa,
"alimwambia Vendel: miaka kumi, isizidi.
Vendel akawa anahesabu. Mwaka wa kumi na moja
alifungua chupa, akanywa kwa afya ya fundi.
Wa kumi na tisa ndio uliomshinda. Yeye, si hiyo."

Nagusisha ncha za mita kwenye vituo vya spika:
milivolti kumi na mbili huku, kumi na tano kule.
Nazima, nawasha tena, nahesabu kimoyomoyo.
Moja, mbili, tatu, nne.
Tik. Relei imeitika.
Nazungusha kirungu: kinakwaruza mahali pamoja, kinanyamaza.
Kikohozi cha vumbi. Si kifua.

"Itadumu mpaka lini?" anauliza Zsombor.
Nashukuru mdomo umejaa kahawa.
Nikimeza, namwambia alipe bei iliyotajwa,
asipunguze hata forinti,
na aweke akiba ya kapasita mpya.
Solda nitairudia mimi, bure.
"Bure? Wewe?"
Beba. Tumia magoti, mgongo uache.

Ghorofa ya pili anatua mzigo, anauliza tena, miaka mingapi.
Simjibu. Najaribu kukumbuka
ni kopo lipi, katika yale makopo ya karakana,
nililotupia ile parafujo.