Kijiwe cha Kiberiti

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
Semhando anajaza gesi viberiti vilivyokwisha.
Kwa kibano anapachika kijiwe
chembamba kama mbegu ya bizari:
ndani yake seriamu.

Wameiita adimu. Jina tu hilo;
ardhini imetapakaa kama shaba,
ila hung'ang'ania ndugu zake,
kuwatenganisha ni tindikali na taabu.

Ilipikwa tumboni mwa nyota zilizokuwa zikizeeka,
polepole, jua letu halijazaliwa.
Laini, kisu huikata.
Ikiachwa wazi hufifia,
huliwa na hewa kama bati la huku kwetu.
Ikwaruze, ikumbuke ilikotoka.

Che!

Mwenye kiberiti anawasha sigara,
anabisha bei:
mia mbili,
kwa kitu kidogo hivi?