Sampuli Namba Arobaini na Moja

Jina la mti hakunitajia.
"Andika namba," alisema Anyitike,
akifuta kisu kwenye kanga iliyoloa umande.
"Jina nitakupa ukileta majibu."

Tulikuwa juu Isyonje, mwezi wa sita,
viazi vimeungua kwa baridi shambani
kana kwamba mtu amepita usiku na mwenge.
Alichuna gome upande mmoja tu,
upana wa viganja viwili, mti akauacha umevaa,
kidonda akakisiliba udongo.
Nikaandika: 41. Gome. Ukungu mzito.

Mbeya mjini nililianika kivulini siku tisa,
nikalitwanga, nikaliloweka kwenye spiriti,
nikachuja tone kwa tone
mpaka likabaki tope la rangi ya chai iliyolala,
la kujaza kizibo.

Arobaini zilizotangulia zilikuwa kimya.
Majani ya homa, mizizi ya koo,
hata ua ambalo mama alituchemshia,
akatufunika blanketi mimi na Ipyana
tukitoka jasho na kucheka gizani:
nalo kimya. Virusi vilikula seli
kama viwavijeshi kwenye mahindi.
Hilo lilinikaa. Yale mafua yalipona kwa nini?
Labda kwa blanketi. Labda kwa yeye.

Asubuhi, chini ya hadubini, namba 41:
hakuna kirusi.
Nikapiga kelele. Daktari Kihwele akaja na kikombe chake,
akainama, akasogeza lenzi, akanyamaza.
"Na seli ziko wapi?"

Seli hazikuwepo.
Nyumba imechomwa ili panya wafe.

Nikapanda tena Isyonje, karatasi mfukoni.
Anyitike alikuwa kando ya barabara akipanga viazi kwenye ndoo.
Sumu, nikamwambia,
kwa ule upole tuliofundishwa chuoni.
Akacheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi.

"Nani alikwambia unanywewa?
Huu ni wa kupaka. Mkanda wa jeshi,
ukimzunguka mtu ubavuni, malengelenge yanawaka.
Unapaka kwa unyoya wa kuku, juu kwa juu,
mara moja, unaacha.
Hukuuliza. Ulishika kalamu tu."

Nikafungua daftari. Safu zangu zilikuwa zimenyooka:
mahali, mwinuko, sehemu ya mti, tarehe.
Hakuna safu ya mdomo wala ngozi.
Nikachora mstari mpya, ukapinda,
lori la pareto lilipita.

"Kuku mweusi?" nikauliza.
"Kuku yeyote. Na wewe nawe!"

Na jina?
"Umeleta jibu la swali lako. Langu bado."

Akanipimia ndoo ya viazi, akachukua pesa kamili,
juu yake akaweka gome jipya ndani ya gazeti.
41, nikaandika.
Halafu, kwa vidole vilivyoganda, B.