Kaya ya Kumi na Tano

Walitufunza Tunguu, chumba chenye feni mbovu:
usichague nyumba kwa kuipenda.
Anzia msikitini, hesabu, kila ya tano piga hodi.
Nasibu haina shangazi, alisema mwalimu.
Tukacheka. Tukaandika.

Basi Wingwi, kijiji kilichonilea, nikahesabu.
Kumi na moja, kwa Shaame Kombo.
Kumi na mbili, gofu, halihesabiwi.
Kumi na mbili tena, kumi na tatu, kumi na nne,
na ya kumi na tano ikawa kwa Bi Chumu Faki,
ambako kwetu hatuombani moto
tangu kesi ya mkarafuu wa mpakani,
mimi sijaota jino.

Nilisimama, dodoso kwapani.
Ningeweza kuandika tisa: *hayupo*.
Upo msimbo wa asiyekuwepo,
haupo msimbo wa mwenye kuogopa.

Hodi. Hodi.
Ya tatu ikanikwama.
"Karibu. Kakutuma mamako?"
"Imenituma namba."
"Namba ina adabu kuliko watu. Vua viatu, pita."

Nikamsomea ridhaa, neno kwa neno:
una haki ya kukataa, una haki ya kunyamaza,
jina lako halitaandikwa popote.
Alikuwa anasuka ukili, vidole havikusita.
"Kunyamaza," akasema, "n'nako mwaka wa ishirini na sita.
Sikujua kumbe ni haki."

Nikamsogezea kidau cha wino.
Akalitazama dole gumba lake kama mgeni.
"Mara ya mwisho kulichovya hili
mpaka ulihama, mti ukabaki pale pale."
Kisha akalikandamiza, sawasawa, ndani ya kisanduku.

Umri. Watoto walio hai. Chanzo cha maji.
Swali la kumi na nane:
*Utamaduni wa watu wa hapa ni upi? Taja mambo matatu.*
"Wataka wa sikukuu au wa Jumatatu?"
Nikaitazama fomu. Haikuniambia.
"Haya, andika. Mtu akifiwa, hata mliyekatana naye,
unakwenda, unakaa mkekani,
humsemeshi, hakusemeshi, unarudi kwako.
Hilo moja.
La pili, mwenye nyumba hali mpaka jirani apate harufu.
Lakini hilo sijui, labda ni la zamani, labda ni uongo wetu.
La tatu usiliandike.
Zima hicho."

Nikazima. Kitaa chekundu kikafa.
Akaweka ukili chini, kwa mara ya kwanza.

Alichosema hakimo kwenye kinasa,
hakimo kwenye daftari,
na humu pia msikitafute.

Nyumbani mama anapeta mchele.
Habari ilinitangulia, ilipita njia ya kisimani.
"Nasikia umeingia. Kasemaje?"
"Mama, kaya ya kumi na tano haina jina."
"Hata kwangu miye, niliyekuzaa?"
"Hata kwako."
Ungo ukasita. Kisha ukapeta
kwa nguvu ambazo mchele haukuzihitaji.

Usiku sikulala. Nilikuwa na neno moja
la kuwafanya wawili hawa walie pamoja kabla ya alfajiri,
na chini ya dole lile, kwa mkono wangu:
*Mimi mtafiti naahidi.*
Hakuna somo walilotufunza
juu ya ahadi inayouma pande zote mbili.

Tunguu, mwalimu akapitisha kalamu kwenye jedwali.
Wahojiwa arubaini. Swali la kumi na nane,
kipengele cha tatu, mmoja hakujibu.
"Asilimia mbili na nusu. Haiathiri kitu."

Nilirudi Wingwi kuchukua nguo zangu.
Jikoni kulinuka tui na hiliki, mapema mno,
na mama ana vumbi la njiani miguuni.
Ukutani, misumari mitatu,
kawa mbili.
Sikuuliza.