Zamu ya Kulisha

Jumamosi, saa nne usiku, umeme umekatika Tabora nzima
na Mihayo keshalikimbilia jenereta, viatu kaviacha mlangoni.
Nyuzi thelathini na saba. Zikishuka sana, miezi mitano kwisha.

Sikumwambia akimbie.
Mwaka jana alizilisha kwa mkono unaotetemeka,
akaua sahani sita, akaandika "sijui" kwenye daftari,
akataka kulikata. Nikamwambia
neno hilo usilifute.

Mimi mtoto wa mrina asali wa Sikonge.
Baba alinionyesha buu ndani ya sega:
hili, alisema, bado halijaamua.
Likilishwa hivi, malkia. Likilishwa vile, kibarua.
Nikasoma miaka kumi na miwili, nchi tatu,
nikaja kulijua lilo hilo kwa jina la seli shina.

Bukuru wa Kasulu ana shahada ya uzamivu
na hapendi kuosha mirija. Anaiosha.
Mdogo wake ana selimundu; hatulizungumzi.
Juzi nilimkuta kwenye darubini, pumzi kaizuia,
seli zimeanza kuingia wekundu.
"Huenda ninaona ninachokitaka," akasema. "Nirudie?"
Rudia.
Akarudia mara tatu. Ya tatu ilikataa.
Anarudia tena Jumatatu.

Jenereta limeunguruma.
Kipimo: thelathini na sita nukta nane.
Mihayo anarudi, anajimwagia maji miguuni,
ananawa hadi viwikoni, dakika mbili kamili,
anafungua kabati la joto
bila kunitazama kwanza.