Nyuma ya Shuka

Jumamosi Kampuni ilileta shuka jeupe kambini,
likafungwa kati ya nguzo mbili za umeme,
nasi tukagawanywa kama posho:
wanaume mbele, kwenye mbao,
wanawake na watoto nyuma,
juu ya vumbi jekundu na mikeka yetu wenyewe.

Nyuma, sinema ilikuwa ileile, ila imegeuzwa kama shati.
Maandishi yalitembea kinyumenyume;
hatukujua kusoma, hayakutudhuru.
Padri alibariki kwa mkono usiofaa.
Tulizoea. Mama alisema kitenge kizuri
hakina ndani wala nje.

Aliyetusemea picha alikuwa Tambwe Anakleti,
karani wa mizani, na bomba lake la bati mdomoni.
Kifaransa alikijua kwa kukisia.
Mzungu akimnung'unikia mkewe dakika nzima,
Tambwe alisema: "Chumvi imezidi."
Kicheko kikaanza mbele, kikaja nyuma,
kama maji yanayozunguka nyumba.
Uongo wake ulikuwa na ladha. Tulimlipa karanga.

Ndipo ikaja picha ya kwetu.
Mumbunda wetu, ukitema moshi.
Tanuru. Shaba ikimiminika kama uji wa jua.
Na mtu mmoja, kifua wazi, kaegemea koleo,
anajifuta jasho, anacheka na mtu tusiyemwona.

"Kyungu!" wakapiga kelele wanaume.
Kyungu akasimama juu ya ubao, akavua kofia.
Wiki tatu alikunywa munkoyo wa bure.
Sisi watoto tulimfuata hadi chooni.
Akajifunza kucheka vile.

Lakini Kyungu alizaliwa na Kabange, usiku mmoja, tumbo moja,
na Kabange alikuwa amekufa msimu wa mahindi mabichi,
chungu cha taka za moto kilipoinama kabla ya saa yake.
Kampuni ilimletea mjane blanketi
na sanduku lililokwisha kupigwa misumari.

Mjane, Mujinga Felisita, alikaa kando yetu
akimenya karanga asizozila.
Alitazama Jumamosi ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu akamwuliza mama,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:
"Huyu anajifuta kwa mkono gani?"
"Wa kuume," akasema mama.
"Huku kwetu, wa kuume."
Akainuka.

Hakuna mwanamke aliyewahi kuizunguka nguzo ile.
Polisi wa kambi alinyanyua fimbo, akaisahau hewani.
Mujinga akasimama kati ya mashine na shuka,
kivuli chake kikalifunika tanuru lote;
akapiga magoti ili picha ipite.

Kabange akajifuta jasho kwa kushoto.
Kwa kushoto alikula, utotoni wakimpiga vidole.
Kwa kushoto alifunga mlango akienda zamu,
ndiyo maana komeo la nyumba ile
liliwasumbua wageni.

Tambwe alishusha bomba lake.
Ikasikika mashine tu, ikitafuna utepe.
Kyungu akavaa kofia.
"Mimi nilitaka tu..." alisema, hakumaliza,
na hakuna aliyemsaidia kumaliza.

Utepe ukapelekwa Kipushi, kisha Jadotville.
Wengine husema Mujinga aliufuata kwa treni,
na kuku kikapuni kwa ajili ya fundi wa mashine.
Wengine husema hakuwa na nauli.
Sijui. Nyumba yao alipewa mtu mwingine,
akabadilisha komeo.

Najua Jumamosi iliyofuata wanawake watatu
walibeba mikeka yao kwenda mbele,
na mama, ambaye hakuwa na mfu wa kutafuta,
alikuwa mmoja wao.
Mimi niliachwa nyuma kulinda nafasi.
Nilikasirika usiku mzima,
nikimtazama padri yule yule
akibariki, akibariki,
kwa mkono usiofaa.