Yaani

Kiharusi kilimkuta baba akifunga kamba za viatu,
Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, mtaani Shabab.
Kilichukua mkono wa kulia, nusu ya mdomo
na maneno yote
ila moja: yaani.

Miaka ishirini na sita alisimama kando ya kizimba
katika mahakama ya Nakuru.
Shahidi akisema Kinyore, Kijaluo, Kikipsigis,
baba alitoa Kiswahili, hakimu akaandika.
"Mheshimiwa, anasema ng'ombe hakuwa wake, yaani,
alikuwa wa mahari ambayo haijaisha kulipwa."
Hiyo yaani ndipo alipovutia pumzi.
Sasa pumzi imebaki, sentensi imeondoka.

Daktari aliiweka picha ya kichwa kwenye mwanga wa dirisha,
akagusa kwa kalamu upande wa kushoto, penye doa.
"Hapa ndipo maneno yanapokaa."
Doa lilikuwa kubwa kama haragwe.
Lugha nne, viapo, kesi za mipaka ya shamba,
zote zilibanana humo
kama wapangaji wa Kaptembwa wenye bafu moja.
Nikauliza: na mawazo je, yamepanga chumba gani?
Daktari akatazama saa yake.

Mama hakungoja jibu. Alimletea drafti.
Jioni hiyo Kibowen wa nyumba ya pili
alifungwa mara tatu, kwa mkono wa kushoto.
"Yaani," alisema baba, akila vizibo vitatu kwa mkupuo.
Nani aliyemhesabia hatua zile,
na kwa lugha gani?

Siku moja alianza: yaani, yaani, yaani,
kidole kikichoma hewa mlangoni.
Nikaleta maji. Akatikisa kichwa.
Nikaleta redio, blanketi, picha ya harusi.
Nikasema, "Unataka kwenda Emuhaya, kwa shangazi Nabwire?"
Akafumba macho, kama alivyofumba zamani
mkalimani mgeni alipojaza pengo la shahidi
kwa maneno yake mwenyewe.

Mvua ilishuka kutoka Menengai ikakuta mahindi ya Njoro,
magunia mawili, yameanikwa uani juu ya turubai.
Hapo ndipo baba alipotukana.
Tusi zima, la Kinyore, halina kigugumizi,
lina kiima, kitenzi, na ukoo wa mtukanwa.
Mama aliangua kicheko hadi akakaa chini kwenye matope.
(Baadaye niliambiwa matusi na nyimbo za kanisa
hukaa upande wa pili wa kichwa. Majirani, basi.)

Alijua. Alijua tangu upepo ulipogeuka.
Wazo lilikuwa kamili, limeshonwa mdomo kama gunia,
nasi tuliokuwa na lugha zetu zote
ndio hatukuelewa kitu.

Usiku najaribu kuwaza kama yeye.
Najaribu kumuwaza mama bila kusema mama,
njaa bila njaa, kesho bila kesho.
Kila nikifika
nakuta neno limenitangulia,
limeshakalia kiti, linaniuliza nataka nini.

Asubuhi namfunga kamba za viatu.
"Yaani," anasema.
Siongezi kitu.
Nachuchumaa pale pale, kamba mkononi,
natazama anakotazama.