Daftari la Mizani, Ipole

Jedwali la kwanza nililochora kidato cha tatu
halikuwa la mtihani. Lilikuwa la ghala la asali,
Ipole, mwezi wa sita, ushirika umefungua mizani:
kushoto jina, kulia kilo,
na mimi katikati na kalamu ya kuazima,
nachora mishale.

Lugata, kumi na nane.
Mama Kalunde, thelathini na moja, ndoo ya pili bado ina masega.
Ntabo, kumi na nane.
Mlekwa, arobaini kasoro moja,
akabishana na hiyo kasoro hadi adhuhuri.

Mwalimu Kapufi alituambia:
kila anayetoa mshale, yumo katika kikoa;
kila kinachopokea mshale, kimo katika masafa.
Kumi na nane, hata ikipokea miwili,
unaiandika mara moja.
Lugata akaguna: "Yaani mimi na Ntabo namba moja?
Na malipo je?"
Malipo, mzee, yanafuata mishale.

Wako waliobaki kushoto, hawatoi kitu.
Nsimba, aliyehamia Mpanda na nyuki wake wakahama.
Mihayo, marehemu,
ambaye hakuna karani aliyethubutu kumkata.
Hapo ndipo niliposadiki:
jina kuwamo daftarini
si jina kuwamo katika kikoa.

Jua limeshuka usawa wa miyombo, akaja baba.
Moto wa kiangazi kilichopita
ulimlia mizinga kumi na miwili ya magome.
Angeweza kubaki nyumbani.
Akaiweka ndoo juu ya mizani, imeoshwa, inang'aa.
Tukatoa uzito wa ndoo.

Karani mkuu akasema, kwa upole, ruka mstari.
Baba akasema, "Nimekuja. Niandike."

Mstari mtupu ni wa asiyekuja.
Sifuri ni ya aliyekuja, akapimwa.
Nikauvuta mshale wake taratibu, wino ukinikwama,
mpaka upande wa kulia, juu kabisa,
ambapo hapakuwa na kitu, nikaandika duara.

Masafa ya siku ile:
sifuri, kumi na nane, thelathini na moja, thelathini na tisa.

Baba aliinama, akalisoma daftari kichwa chini,
akafuata mshale kwa kidole chenye harufu ya moshi.
Kisha akachukua ndoo yake,
akaniuliza kama nimekula.